Mwalimu wa Jioni na Televisheni ya Mdomo

Watu wa Dar es Salaam wanajidai kwamba dijitali ilianza kwao. Waacheni wajidai, hata kuku wa mjini hujiona tausi. Mimi nasema, na nitasema mbele ya hakimu yeyote atakayenipa nafasi, kwamba dijitali ilifika Mpanda katikati ya miaka ya tisini, tena ilifika kwa mdomo, bila mnara wala mtambo. Aliyeileta alikuwa mtu mwembamba kiasi kwamba mvua ikinyesha aliweza kupita katikati ya matone. Tulimwita Mwalimu wa Jioni.

Ukoo wake sikuuliza. Yeye naye hakuuliza wa kwetu. Siku ya kwanza ukifika darasani alikuuliza jambo moja tu: "Una kalamu?" Ukisema unayo, basi umeshaandikishwa.

Mchana alitengeneza redio kwenye baraza moja karibu na stesheni. Ikifika saa kumi na mbili jioni alitufundisha hesabu na fizikia, sisi watu wazima tuliokuwa tunajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Tulikuwa makuli, wauza mitumba, wakulima waliosukuma baiskeli kutoka mbali, na Konsolata, mama kutoka Mishamo aliyekaanga maandazi mchana na kukokotoa kipeo cha pili jioni, vyote kwa mkono uleule. Darasa letu lilikuwa stoo ya mashine ya kusaga. Uliingia na nywele nyeusi ukatoka na mvi za unga. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba ameolewa na kijana anayeondoka na babu anayerudi.

Mwalimu alikuwa bahili wa chaki. Chaki moja aliitumia mpaka ikawa kama punje ya mchele, na ile punje akaishika kwa kucha akaandika nayo milinganyo mingine. Lakini mtu huyohuyo alikuwa mfujaji wa nafasi. Upande wa kulia wa ubao hakuandika kitu, na ole wako uandike wewe. Redio aliyoitengeneza ukiifungua ulikuta kipande cha waya kimezungushwa vizuri pembeni, hakijaungwa popote. Siku moja mteja, mkulima wa mpunga kutoka Usevya, alikigundua akang'aka.

"Mwalimu, huu waya mbona umebaki? Umesahau kuunga?"

"Haujabaki. Unasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Ningekuwa nakijua, ningekiunga leo."

Yule bwana aliondoka anatikisa kichwa. Lakini redio yake ilipiga kelele mpaka viboko wakahama bwawa, kwa hiyo hakurudi kulalamika.

Jambo la ajabu kuliko yote ni hili: mtu aliyetuletea televisheni alikuwa haipendi televisheni. Mwenye stoo yetu, ambaye nitamwita Tajiri wa Mashine kwa sababu ndivyo mji mzima ulivyomwita, alikuwa amenunua runinga na dishi kubwa kama ungo wa kupepetea mchele wa mkoa mzima. Jioni alikuwa akiwasha jenereta, watu wanajaa uani. Mwalimu akialikwa alikuwa akikaa mstari wa mbele kwa heshima zote, na kabla taarifa ya habari haijafika katikati alikuwa amelala, kidevu kifuani. Ukimwamsha alisema, "Mimi sipendi kinachoonekana. Napenda kinavyofika."

Na alijua kinavyofika, au angalau alikuwa na hakika kwamba anajua. Usiku alisikiliza redio za masafa mafupi, na huko alisikia kwamba wazungu na Wajapani wameanza kuigeuza picha iwe namba kabla ya kuirusha hewani. Habari hiyo ilimkaa kichwani kama wimbo wa harusi. Alitueleza jioni moja akiwa amesimama kwenye ncha za vidole, na mtu mfupi yule akawa mrefu kuliko mlango. Picha ni miraba, alisema. Kila mraba una weusi au hauna. Wenye weusi uite moja, usio na weusi uite sifuri. Ukinitajia mimi hizo moja na sifuri kwa mpangilio, nitaichora picha yako hata kama niko upande wa pili wa mlima, hata kama naumwa, hata kama sikupendi.

Sasa niseme kuhusu taa, kwa sababu bila taa hakuna hadithi. Sisi tulisomea vibatari. Moshi wake ulitupiga macho, na watu walikuwa wameanza kuacha masomo mmoja mmoja huku mtihani unakaribia. Ng'ambo ya ukuta, jenereta ya Tajiri inanguruma kila jioni. Waya mmoja tu kupita dirishani ungetutosha. Mwalimu alikwenda kuomba, Tajiri akajibu, "Umeme haugawiwi kama kisamvu, Mwalimu. Na mkae mkijua, mavuno yakija hiyo stoo naitaka."

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa biashara, na wakati ule alikuwa na uchungu wake. Alikuwa amefunga dishi juu ya lori ili abiria wanaokwenda Usevya na Kibaoni waone mpira njiani. Picha ilikuja lori likiwa limesimama, vijana wawili wakilizungusha dishi na mmoja akipiga kelele "Hapohapo! Aa, imekimbia!" Lori likiondoka, runinga ilionyesha chenga nyeupe kama theluji tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho. Abiria wakapata la kusema: wamelipa nauli ya Usevya wakapelekwa nchi za baridi.

Mwalimu aliposikia habari hiyo alicheka. Nasisitiza, alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka.

"Tajiri, hilo dishi linataka utulivu kama bibi harusi. Picha ya namba haitaki hivyo. Picha ya namba inaweza kufika kwenye lori linalokimbia."

"Maneno."

"Siyo maneno. Una simu ya upepo kwenye lori?"

Alikuwa nayo, moja hapo mashineni na nyingine kwenye lori, ya kumjulisha gari limekwama wapi.

"Basi chora picha yoyote," alisema Mwalimu, "usimwonyeshe mtu isipokuwa mimi. Lori liende barabara ya Sitalike bila kusimama. Likirudi, picha yako itakuwa imefika ndani yake."

Tajiri akamjibu, "Ikifika, waya wa taa unapita dirishani, na taa itawaka maadamu wewe unafundisha humo. Isipofika, mnahama wiki hiihii. Mahindi yangu yanalala nje."

Tukasikia sote. Konsolata akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, huyu mzee ametuweka mnadani."

Mwalimu hakuwa na wasiwasi. Alikwenda ubaoni akatufundisha siri yake, na aliifundisha kwa tembo. Alimwuliza mwanafunzi mmoja wa Usevya: kwenu kila kaya ina majaruba mangapi ya mpunga, na yako wapi? Yule akasema yametawanyika, moja huku, jingine kule, ndivyo wazee walivyogawa. Mwalimu akapiga makofi. "Sawasawa! Tembo akitoka mbugani akapita katikati ya mashamba, anaacha njia moja iliyovurugwa. Kama mpunga wa kaya nzima uko kwenye njia ile, kaya hiyo inalala njaa. Ukitawanyika, kila mtu analia kidogo, hakuna anayelia peke yake."

Barabara, akasema, ni tembo. Lori likiingia bondeni, sauti inapotea. Ukitaja miraba ya picha mstari kwa mstari, bonde litameza kichwa chote cha mnyama. Kwa hiyo taja mmoja wa juu, mmoja wa kati, mmoja wa chini, ukirukaruka picha nzima, na kila fungu la miraba ulitaje jina lake, fungu la kwanza, la pili, la tatu, ili aliyelikosa ajue amekosa lipi. Bonde likimeza fungu, picha itapata vitundu vidogo kila mahali, na jicho la mtu linajua kuziba vitundu vidogo.

Halafu akaongeza jambo lililotukera. Mwanzo wa kila fungu zitajwe sifuri mbili zisizo na kazi.

"Za nini, Mwalimu?" nikauliza.

"Za mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hajafika."

Tulinung'unika, maana kutaja namba za bure mbele ya Tajiri ni kujitafutia aibu. Mwalimu akatupa kanuni ambayo naijua kuliko jina la shemeji yangu: "Ukikutana na kitu usichokijua, usikitukane, usikifute. Kiruke kwa heshima, uendelee na unachokijua."

Siku ikafika. Nusu ya Mpanda ilikuja, na nusu nyingine ilikuja kuuliza nusu ya kwanza inafanya nini. Mimi nilipanda kwenye lori, kando ya dereva, na karatasi ya miraba juu ya goti. Dereva alikuwa Msukuma mkubwa mpole, mtu wa adabu, ambaye aliweza kuinua gunia kwa mkono mmoja huku anakusalimia kwa mwingine. Mwalimu alibaki mashineni na simu ya upepo, Tajiri amesimama pembeni yake na picha aliyoichora.

Tukaondoka. Sauti ikaanza kuja: "Fungu la kwanza. Sifuri, sifuri. Moja, sifuri, moja, moja…" Nami nikaweka weusi, nikaruka, nikaweka weusi. Jamani, raha niliyoisikia! Kitu kilikuwa kinatoka hewani kinaingia mkononi mwangu. Nilikuwa nimeinama, siangalii nje, nikawa nasifu tu barabara kimoyomoyo kwamba leo imelainika kama kitanda. Tuliporudi, picha ilikuwa imekamilika. Kuku. Kuku mzima, kishungi, mkia, hata ukucha.

Umati ulipiga vigelegele. Tajiri alitoa picha yake, kuku yuleyule. Nikaona ameshaanza kutafuta waya kwa macho. Tulikuwa tumeshinda!

Mwalimu akachukua karatasi yangu, akaitazama, na uso wake ukaharibika.

"Hii picha haina hata tundu moja," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu!" nikasema kwa furaha.

"Kimya. Kule kuna bonde la mto. Sauti lazima ipotee pale. Hii picha haijasafiri." Akamgeukia dereva. "Kijana, ulikuwa unaendesha?"

"Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa naendesha."

"Marahaba. Uliendesha wakati mimi naongea?"

Dereva akatahayari, akashika kofia yake. "Sasa Mwalimu, mtu mzima anaongea, mimi nikanyage mafuta? Nitakuwa nimelelewa wapi? Ukianza kusema, nasimama. Ukinyamaza, naenda."

Ndipo nilipoelewa ule ulaini wa barabara. Kwa watu wetu, mkubwa akikusemesha ukiwa unatembea, unasimama. Hata mtoto anajua. Dereva alisimamisha lori zima, magurudumu sita na tela, kwa heshima ya sauti iliyotoka kwenye kisanduku.

Tajiri hakuwa amejua lolote. Angenyamaza Mwalimu, tungewasha taa jioni ileile. Konsolata alimvuta shati. "Mwalimu, kwani ungekufa ukikaa kimya?"

"Ningekufa fizikia," akajibu. Kisha akamwambia Tajiri, "Hatujashinda. Chora nyingine."

Tajiri alicheka mpaka akakalia gunia. "Leo nimeona mtu anayejinyang'anya mwenyewe!" Lakini akachora.

Safari ya pili Mwalimu alimpa Konsolata simu. Dereva aliposikia sauti yake alitabasamu. "Huyu mdogo wangu, ongea tu dada, mimi nakwenda." Na akaenda! Lori lilikimbia kama limeiba. Goti langu liliruka, kalamu ikaruka, meno yangu yakabadilishana nafasi. "Fungu la nne… sifuri… mo…" Tukaingia bondeni, sauti ikafa kabisa. Ikarudi: "Fungu la saba." Mafungu mazima yamekwenda na maji. Nikaweka nilichopata, nikaruka nisichokipata, nikijua kwamba darasa zima limekaa juu ya goti langu. Kwenye karatasi sikuona mnyama, niliona upele.

Safari hii tulikuwa tumekubaliana kwamba msomaji wa picha awe dereva, mtu ambaye hakuwahi kufundishwa hizo sifuri. Tulipofika akaishika karatasi kwa mbali. Akaisogeza. Akaigeuza kichwa chini, nami nikafumba macho. Akairudisha.

"Huyu si kiboko?" akasema. "Tena mnene, kama wale wa Sitalike. Ila ameoga akatoka na majani majani."

Tajiri alifunua picha yake. Kiboko.

Sitaeleza kelele zilizofuata, maana mtasema naongeza chumvi. Nitasema tu kwamba treni ilichelewa kuondoka stesheni kwa sababu kondakta alikuwa uani kwetu. Waya ulipita dirishani jioni ileile, balbu ikawaka, na kwa mara ya kwanza tukaonana sura. Baadhi yetu tulishangaa.

Na zile sifuri za mgeni? Mwaka uliofuata, mimi nikiwa nimeshafaulu na kuhamia Kibaoni kununua mpunga, Mwalimu aliwafundisha wapya kwamba namba mbili za mwanzo wa fungu sasa zinataja rangi: nyekundu, kijani, bluu, au nyeusi ya zamani. Siku moja nilipita Mpanda nikakuta wanarushiana picha kwa mchezo, nikaomba karatasi. Wao walipata jogoo mwekundu, mkia wa kijani. Mimi nilizisikia namba za rangi, sikuzijua, nikaziruka kwa heshima kama nilivyofundishwa. Nikapata jogoo mweusi. Lakini jogoo! Yuleyule, kishungi na mkia. Kijana mmoja akanitania, "Mzee, wa kwako ameungua." Mwalimu akamkaripia: "Wa kwake ni mzima. Ukifanya jambo jipya likamfukuza mzee wako mezani, hujaendelea. Umehama tu."

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kuelekea mwisho wa muongo ule. Nilipata habari kwamba kaka yake amefariki huko Karema, ziwani, na ukoo unamtaka arudi akasimamie familia. Niliacha mizani yangu Kibaoni nikapanda lori la kwanza. Nilimkuta mbele ya stoo na begi moja na sanduku la vifaa vya redio. Tajiri alikuwepo pia, mikono nyuma. Wanafunzi walikuwa wamejaa, Konsolata wetu naye akiwa bado yumo, na hakuna aliyethubutu kusema walichokuwa wanakiwaza. Taa ilikuwa ya Mwalimu. Maadamu yeye anafundisha humo, ndivyo lilivyokuwa neno. Mwalimu akiondoka, waya unabaki kamba ya kuanikia nguo, na mtihani ulikuwa mbele yao.

"Una kalamu?" aliniuliza.

"Ninayo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa. Mchele huo."

Hakuaga sana. Alisema somo la leo liko ubaoni, walifanye. Akapanda nyuma ya lori la dagaa lililokuwa linarudi ziwani, akaketi juu ya magunia matupu yanayonuka, ametulia kama mtu aliye kwenye kochi. Lori likanguruma, likaanza kwenda.

Halafu akasimama ghafla. Alikuwa amekumbuka kitu. Akaanza kupiga kelele, mikono hewani, lakini injini ilikuwa inapiga kelele kuliko yeye na vumbi limepanda. Dereva wa dagaa hakuwa na habari naye. Tulikimbia, kila mtu upande wake, wengine kushoto, wengine kulia, Konsolata katikati ameshika gauni, mpaka lori likakata kona na kutuacha tunahema.

"Amesema nini?"

"Mimi nimesikia 'ubaoni'."

"Mimi 'swali la tatu'. Swali la tatu, nina hakika."

"Kuna mahali amesema 'kosa'," akasema aliyekuwa upande wa kushoto. "'Nimekosa' au 'kuna kosa', kitu cha namna hiyo."

"'Litafuteni'," akasema Konsolata. "Hilo nimelisikia mimi, tena mara mbili."

Tukasimama katikati ya barabara tunaunga vipande, huyu na neno lake, yule na lake, mpaka sentensi ikasimama kwa miguu yake: Swali la tatu ubaoni kuna kosa, litafuteni.

Watu wakatazama mlango wa stoo. Ndani kulikuwa kumeshaanza giza. Kisha, bila kupanga, wote tukamtazama Tajiri.

"Mimi sikusikia chochote," akasema Tajiri. Akajikuna shingo. "Lakini haiwezekani mzee wa watu aondoke na kosa limebaki kwenye stoo yangu. Ingieni." Akaenda kuwasha jenereta.

Tuliingia. Konsolata akashika punje ya chaki kwa kucha. Tulilichukua swali la tatu tukalichana kama kuku. Tulibishana, tukafuta, tukaanza upya, mmoja akasema kosa liko kwenye alama, mwingine kwenye kizio, vijana wakanipinga mimi mwenye cheti, nami nikawapinga kwa sauti kuliko hoja. Tulijaribu njia tatu tofauti. Zote zilifika kwenye jibu moja, na jibu lilikuwa safi. Swali la tatu halikuwa na kosa hata chembe.

Konsolata aliweka chaki chini taratibu. Akaanza kucheka peke yake. "Hayumo, na bado anafundisha humu," akasema.

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, unga umemjaa kichwani kama sisi. Alitazama ubao, akatutazama.

"Kwa hiyo," akauliza, "kesho mnaanza saa ngapi?"